Chozi na mpingo: je, viwekwe kifungu kimoja cha sheria?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, wilaya ya Kondoa. Tunaandika sheria ndogo za msitu wetu wa kijiji. Vijana wa kamati wamependekeza chozi na mpingo viwekwe kifungu kimoja: atakayeua chozi au kukata mpingo alipe faini ileile. Wazee wamekataa. Wanasema kidege kisichojaa kiganja hakipimwi na mti unaovunja shoka. Kikao kimekwama hapo. Je, viumbe hawa wawili wanalinganishika? Na kama ni lazima kuanza na mmoja, tuanze na yupi?

Jibu: Marahaba, katibu. Nianze na jibu lenyewe ili kikao chenu kiendelee. Wanalinganishika, tena kwa faida, lakini mkishawalinganisha mtaona hawafai kukaa kifungu kimoja. Anzeni na mpingo. Chozi mwandikieni kifungu chake, na hicho kihusu zaidi mahali anapoishi kuliko mwili wake. Sababu yangu kubwa ni muda. Ndege huyu na mti huu hupotea kwa kasi tofauti na hurudi kwa kasi tofauti, na sheria ndogo isiyojali kasi hizo itatoza watu faini bila kuokoa chochote.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia ndege gani, maana huku kwetu ukanda wa kati karibu kila kidege chenye rangi huitwa chozi. Chozi wa kweli ana mdomo mwembamba, mrefu, uliopinda kuelekea chini. Ukimwona mwenye mdomo mfupi na mnene, hata awe na rangi ya samawati ya kupendeza namna gani, huyo ni mla mbegu wa ukoo mwingine. Jamii ya chozi ina aina zaidi ya 140, zimeenea Afrika na Asia hadi Australia. Kwenye mapori yetu utamkuta yule mwenye mwili mweusi na kifua chekundu, yule mdogo mwenye tumbo la njano na mgongo unaong'aa kijani na buluu, na yule ambaye dume lake, msimu wa kuzaliana, huota manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Anayeng'aa ni dume. Jike ni wa kijivu au kahawia, hana makuu, na ndiye anayejenga kiota na kulalia mayai. Vijana wenu wakihesabu wanaong'aa tu watakuwa wamewaacha nje wale ambao kizazi kijacho kinawategemea zaidi.

Jambo jingine lisemwe mapema, na kwa sauti, kwenye mkutano wa kijiji: chozi hali nafaka. Wakulima wa mtama na uwele wa Dodoma wamechoshwa na kwelea kwelea, na siwalaumu, kwa sababu kundi likitua shambani kazi ya msimu mzima huisha kwa siku chache. Lakini hasira hiyo huwaangukia ndege wote wadogo, na mtoto anayelinda shamba hachagui wa kumpiga. Chozi hunywa mbochi, yaani yale maji matamu ya maua, na hula wadudu na buibui. Makinda yake hulishwa hasa wadudu hao. Mkulima wa uwele hana kesi naye.

Mpingo sina haja ya kuutambulisha kwa mtu wa Kondoa, ila nitaje yale yanayohusu hoja yangu. Ni mti wa jamii ya kunde, wenye miiba, mara nyingi mfupi, wa mita 5 hadi 15. Shina hujipinda, lina mifereji, na miti mingi mikubwa huwa imeoza au ina tundu katikati. Kiangazi hupukutisha majani. Anayeupita bila kuujua hatageuka kuutazama mara ya pili, na hilo limeuponza, kwa sababu mchoma mkaa asiyejua anachokata huuona kuwa kichaka kigumu tu.

Sasa kwenye kulinganisha. Wazee wameanza na uzito, basi nami niwafuate hapo. Yule chozi wa tumbo la njano ana uzito wa kati ya gramu 5 na 10. Kiini cha mpingo chenye ujazo wa lita moja kina uzito wa kilo 1.2 au zaidi, ndiyo maana kikitupwa majini huzama. Kipande hicho, ambacho mtu anakishika kwa mkono mmoja, ni sawa na chozi zaidi ya 100 kwenye mizani. Kwa hiyo wazee wana haki kushangaa. Ila uzito hauwezi kuwaambia nini kilindwe, la sivyo tungelinda mawe.

Vijana nao hawakubahatisha walipowaweka pamoja, na ningependa waheshimiwe kwa hilo. Chukueni rangi. Ule mng'ao wa chozi, unaobadilika kutoka kijani hadi buluu hadi weusi anapogeuza kichwa, hautokani na rangi ya kijani wala ya buluu. Ndani ya nyoya kuna melanini, dutu nyeusi ileile inayotia weusi nywele na ngozi zetu, imepangwa katika matabaka membamba mno. Mwanga ukigonga matabaka hayo hurudi ukiwa umechujwa, na jicho likihama kidogo linapokea mchujo mwingine. Mpingo nao una weusi wake ndani. Ukikata shina utaona duara jembamba la mti mweupe upande wa nje, ambao ni hai na hupitisha maji, kisha kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali. Kiini hicho ni sehemu ya mti iliyokwisha kufa, mti wenyewe ukiwa ungali hai umesimama. Mti unapokiacha hukijaza kemikali ambazo hukifanya kiwe kizito, cheusi na kigumu kwa mchwa.

Nyoya lililokomaa nalo ni kitu kilichokufa, halina damu ndani. Maana yake ni kwamba kile kinachotuvutia kwa kila mmoja wao ni sehemu isiyo hai tena. Lakini angalieni tofauti. Chozi hunyonyoka manyoya na kuota mapya, na yule mwenye mkia mrefu huweza kuvua mapambo yake msimu wa kuzaliana ukiisha na kuyavaa tena msimu unaofuata. Mpingo hauna msimu wa kuvaa upya. Huongeza weusi wake kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na ukiondolewa kiini hicho umeondoa akiba ya maisha yake yote.

Kuna na sauti. Chozi ni miongoni mwa ndege waimbaji, na kama wenzake wote sauti yake haitoki kooni juu kama yetu. Hutoka chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili, na kila upande unaweza kutoa mlio wake. Mpingo haulii porini, lakini ndio mti unaotafutwa na watengenezaji wa ala za kupuliza kama klarineti, obo, na zile zumari za mfuko za Waskoti. Sababu ni za kifundi. Una msongamano mkubwa, una mafuta ya asili, hauvimbi ovyo ukipigwa na unyevu wa pumzi, na unakubali kukerezwa na kutobolewa matundu laini yasiyomeguka kingo. Wamakonde wanaujua ubora huo kwa njia yao, kwenye vinyago. Kwa sababu ya mfereji na tundu nililolitaja, sehemu ndogo tu ya gogo hufaa kwa ala za muziki, na kingine chote huwa mabaki.

Hapo ndipo biashara inapoingia, katibu, na biashara ndiyo inayowaletea watu wenye misumeno. Chozi akiwa hai kwa kawaida hana bei sokoni, na akiwa amekufa hana pia. Huwezi hata kumfuga kirahisi, kwa kuwa anahitaji mbochi na wadudu mchana kutwa. Mpingo bei yake huanza siku unapoangushwa. Mtu anayemuua chozi kwa kawaida ni mtoto mwenye manati. Mtu anayekata mpingo ni mtu mzima aliyepiga hesabu. Fikirieni hilo mkiangalia tena lile pendekezo la faini moja. Mkiiweka ndogo ili mama wa mtoto yule aweze kuilipa, mfanyabiashara wa magogo ataihesabu kama gharama ya usafiri na kuendelea na safari. Mkiiweka kubwa ili imuume mfanyabiashara, mtauza mbuzi wa mjane kwa sababu ya jiwe alilorusha mjukuu wake. Hiyo peke yake inatosha kuwatenganisha.

Lakini niliahidi muda, na hili ndilo ningetaka mlijadili kwa kirefu kuliko yote.

Jike la chozi hufuma kiota kwa majani makavu, nyuzi za magome na utando wa buibui, kikining'inia kwenye ncha ya tawi kama kifuko cha tumbaku, tundu likiwa ubavuni na kijidari kidogo juu yake cha kuzuia mvua na jua. Yule wa kifua chekundu mara nyingi hukining'iniza karibu na kiota cha nyigu, mlinzi ambaye nyoka na watoto wote humwogopa. Hutaga kwa kawaida mayai mawili. Wiki mbili hivi baadaye yanaanguliwa, na baada ya wiki mbili nyingine na ushei makinda yanaruka. Tangu yai hadi mabawa ni kama mwezi mmoja. Mvua zikiwa nzuri na maua yakichelewa kukauka, mama yule anaweza kutaga tena. Ndege wa aina hii, pori lake likibaki, akipungua mwaka mmoja huweza kujaza nafasi ndani ya misimu michache. Ndiyo maana aina za chozi nilizozitaja, zote tatu, hazimo kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani.

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa kwa ajili ya mbao za ala. Hebu iwekeni hesabu hiyo kwenye kalenda mnayoijua. Mpingo unaofaa kuvunwa mwaka huu ulichipua kabla ya Uhuru wa 1961, na mingine kabla ya Vita Kuu ya Pili. Umepita njaa, umepita ukame, umepita moto wa kila kiangazi na meno ya mbuzi wa vizazi vitatu vya wafugaji. Kwa msumeno wa mnyororo huanguka kwa dakika. Mche mtakaoupanda mwezi Desemba utakomaa wakati mtoto aliyeanza darasa la kwanza leo ni mzee wa kumtembeza kwa mkono, kama bado yupo. Katika muda huohuo chozi watakuwa wamepita vizazi na vizazi.

Ndiyo sababu orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inautaja mpingo kuwa unakaribia kuwa hatarini, na tangu tarehe 2 Januari 2017 karibu miti yote ya jenasi yake, Dalbergia, imeingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini; kiambatisho hicho kinadai vibali kabla ya kuvusha magogo na mbao mipakani. Ala za muziki zilizokwisha tengenezwa zililegezewa masharti mwaka 2019. Mkataba huo una maana yake bandarini. Kwenye kilima chenu hausimamishi shoka, na mkaa unaouzwa humu nchini ndio usiougusa kabisa. Tangu serikali ihamie Dodoma mji umekua kwa kasi, na sufuria za mji huo zinataka moto. Mti mzito hutoa mkaa mzito unaokaa muda mrefu jikoni, kwa hiyo mpingo mchanga, ambao ungehitaji miaka 50 zaidi ili uwe na thamani ya kweli, unaingia tanuruni kwa bei ya gunia. Hili linaniuma kuliko biashara ya magogo, kwa sababu anayekata hapati hata kile ambacho mti ungeweza kumpa.

Je, haurudi kabisa? Unarudi, na hapa Kondoa mna ushahidi ambao mikoa mingine haina. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko. Yalikuwa makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na uchungu wa amri ile wazee wenu bado wanao; siwezi kuupuuza. Lakini vilima vilivyokuwa vipara karibu na Haubi vilivaa majani na vichaka, na sehemu kubwa haikupandwa na mtu yeyote. Ilitoka kwenye mizizi na visiki vilivyokuwa vikingoja.

Mpingo ni hodari kwa hilo. Kisiki chake huchipua, na mizizi yake hutoa machipukizi mbali na shina. Kinachoyamaliza ni mbuzi na moto. Chipukizi likiungua kila kiangazi, mzizi hubaki hai chini ukijaribu tena kila mvua, na unaweza kukaa hivyo miaka mingi bila kuwahi kufika kimo cha goti. Mkiingia msituni na kuona vijichaka vya miiba vya mpingo vyenye urefu wa shubiri, msidhani ni miche ya mwaka huu. Baadhi yake huenda ina umri wa vijana wa kamati. Ikipewa miaka michache bila moto, itawapita kichwa.

Ila tusidanganyane juu ya maana ya kurudi. Uoto hurudi ndani ya miaka michache. Kiini cheusi hakirudi katika maisha ya aliyekikata.

Sasa uhusiano wao, kwa sababu najua kuna mtu kwenye kikao atasimama na kusema chozi ndiye anayechavusha mpingo, kwa hiyo wakilindwa pamoja wanasaidiana. Maneno hayo yanapendeza, lakini si sahihi. Maua ya mpingo ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri, na wanaoyashughulikia ni nyuki. Mbegu zake zimo ndani ya maganda mepesi, bapa kama karatasi, zinabebwa na upepo. Mpingo unaweza kuzaa bila chozi, na chozi anaweza kuishi mahali pasipo na mpingo hata mmoja. Mtamwona akistawi kwenye bustani za maua mjini Dodoma.

Wanachoshirikiana ni pori lenyewe. Chozi anahitaji matawi ya kuningʼiniza kiota, anahitaji buibui kwa ajili ya utando na chakula, na anahitaji maua ya namna fulani yanayopishana mwaka mzima. Shubiri-mwitu ni la muhimu sana, maana maua yake mekundu na ya chungwa huchanua hata wakati wa ukavu, yakiwa na umbo la bomba linalolingana na mdomo wake. Kuna pia ile mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya, ambayo watu hukata na kutupa. Maua ya baadhi yake hubaki yamefumba mpaka mdomo wa ndege uyabonyeze, ndipo yanapasuka ghafla na kumpaka chavua usoni. Hapo chozi ni mchavushaji kwelikweli. Mpingo kwa upande wake una vinundu mizizini vyenye bakteria wanaotia naitrojeni kwenye udongo, na udongo wa vilima vya Kondoa unaihitaji sana.

Kwa hiyo tazameni upande msaada unakotoka. Mkilinda eneo lenye mpingo dhidi ya moto, mbuzi na mkaa, shubiri-mwitu litabaki, buibui watabaki, matawi ya miiba yatabaki, na chozi watajaa bila kutungiwa lolote zaidi. Mkimlinda chozi peke yake, kwa kuwanyang'anya watoto manati, hakuna mpingo hata mmoja utakaopona. Hilo ndilo linalonifanya niseme anzeni na mti, ingawa mimi binafsi asubuhi hugeukia ndege kwanza.

Kuhusu kuandika vifungu vyenyewe nitakuwa mfupi, kwani afisa misitu wa wilaya atawasaidia kwa lugha ya kisheria. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wake wa hifadhi, na mapato ya halali ya msitu huo ni ya kijiji. Katika kifungu cha mpingo, tenganisheni makosa: kukata mti mkubwa, kukata mchanga kwa ajili ya mkaa, na kuchungia kwenye eneo la machipukizi si kosa moja. Kanuni za misitu zimeweka kipenyo cha chini cha kuvuna, ulizeni kilichopo sasa na msikubali kushuka chini yake. Adhabu isiishie kwenye fedha. Mwenye kosa azungushie visiki boma la miiba na atunze machipukizi kwa muda mtakaoutaja. Njia za kuzuia moto zisafishwe mara mvua zinapokatika, Mei au Juni, kabla nyasi hazijakauka sana, na kifungu kitaje ni kitongoji gani kinasafisha upande gani. Bila sentensi hiyo ya mwisho kazi hiyo haitafanyika, nimeona vijiji vingi ambako ilikuwa kazi ya wote na ikawa haina mwenyewe.

Mtaulizwa pia kama mpingo utakuja kuleta fedha. Vijiji vya Kilwa vinavyofanya kazi na MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unasimamiwa vizuri, kwa misitu inayosimamiwa na jamii, na vimeuza mpingo kihalali. Msiahidi wananchi jambo hilo. Kilwa ina misitu mikubwa na mvua nyingi kuliko yetu ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na mpingo wenu mkubwa umekwisha kupungua. Mfano unaowafaa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa marehemu Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 1996 alianzisha na Mmarekani James Harris mradi wa kuotesha mpingo, akapanda na watoto wa shule na vikundi vya kina mama akijua wazi kuwa hatauona ukivunwa. Shule yenu ya msingi inaweza kuwa na kitalu. Mbegu hukusanywa maganda yakiwa yamekauka mtini, hulowekwa usiku kucha, na huota ndani ya wiki chache. Ugumu uko kwenye miaka ya mwanzo baada ya kuhamishiwa nje, mche unaposhindana na nyasi na mbuzi.

Kifungu cha chozi kiwe kifupi na kisimtaje yeye peke yake. Ndege wa porini ni wanyamapori kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kijiji hakina mamlaka ya kumpa mtu kibali cha kuwanasa. Akija mgeni anayetaka ndege hai, mpelekeni TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, msimwandikie karatasi yoyote yenye mhuri wa kijiji. Kilicho ndani ya uwezo wenu ni kupiga marufuku manati na ulimbo ndani ya msitu wa hifadhi, kuzuia uvunjaji wa viota, kuzuia ung'oaji wa shubiri-mwitu, na kuwaambia wanaopulizia dawa mashamba ya jirani wasipulizie ukingo wa msitu wakati maua yamechanua. Mtoto akikamatwa na manati, ichukueni na mpelekeni kwa mwalimu wake na kwa mzazi wake. Msimtoze faini. Mtoto huyohuyo ndiye mnayemtaka awaonyeshe viota vilipo, na kwa uzoefu wangu hakuna mtu mzima kijijini anayevijua kama yeye.

Kabla ya mkutano mkuu wa kijiji nendeni msituni pamoja, vijana na wazee, mkahesabu vitu vitatu: mipingo mikubwa iliyosimama, visiki, na vijichaka vya machipukizi. Visiki vikizidi miti iliyosimama, pendekezeni kusimamisha uvunaji wote wa mpingo, na muda wa kusimamisha mkutano uutaje kwa miaka. Machipukizi yakiwa mengi, kazi yenu kubwa ni moto na mbuzi, na miche ya kitalu inaweza kungoja. Rasimu ipeleke kwa afisa misitu kabla wananchi hawajaipitisha. Marekebisho yakija baadaye itabidi muwaite tena, na mvua zikishaanza kila mtu atakuwa shambani.